Theluji Iliyoua Mji: Hadithi ya Katuni ya Ajentina na Funzo Lake kwa Jamaa



Ndugu wasomaji, mzazi yeyote anayeishi ugenini na watoto waliofikia umri wa kujisomea wenyewe atakuwa amekwisha kuviona vitabu vya katuni vikiingia nyumbani kutoka maktaba ya mtaa au ya shule. Aghalabu vinavyopendwa zaidi ni vile vinavyosimulia dunia iliyoangamia: miji mitupu, barabara zilizoota majani, na watu wachache waliosalia wakihangaikia chakula na maji. Akira ya Katsuhiro Otomo wa Japani, iliyotoka kuanzia 1982 hadi 1990, ni ya namna hiyo. The Walking Dead ya Marekani, iliyoanza 2003 na kukoma 2019 baada ya matoleo 193, ni ya namna hiyo pia.

Wazazi tumegawanyika juu ya vitabu hivi. Wako wanaovipiga marufuku bila ya kuvifungua, na wako wanaoviacha vipite bila ya kuvitazama. Sisi tumeona iko njia ya tatu, nayo ni kukichukua kimoja, kukieleza tangu mwanzo hadi mwisho, na kuuliza ni kitu gani kinachowavuta wasomaji. Tumechagua El Eternauta ya Ajentina. Ni hadithi kongwe kuliko hizo mbili tulizozitaja, imedumu mikononi mwa wasomaji kwa zaidi ya miaka sitini, na ndani yake mna jambo linalotugusa hasa sisi tunaoishi mbali na kwetu.

Kabla ya kwenda mbele, tuliweke wazi jambo moja. Hadithi za aina hii hazisimulii Kiyama tukiaminicho sisi. Ujuzi wa Saa uko kwa Mwenyezi Mungu peke Yake, na hapana mtungaji awezaye kuuchora. Hizi husimulia maafa ya kubuni yanayoupata ulimwengu, kisha huuliza swali ambalo si haramu kuulizwa: mwanadamu akinyang'anywa serikali, soko, umeme na sheria, hubakiwa na nini?

MTUNGAJI NA MCHORAJI

Héctor Germán Oesterheld alizaliwa Buenos Aires mwaka 1919. Alisomea jiolojia, lakini kalamu ilimvuta kuliko mawe. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kuwa mtungaji mashuhuri wa hadithi za katuni nchini mwake, na mwaka 1957 yeye na ndugu yake Jorge wakaanzisha kampuni yao wenyewe ya uchapishaji, Editorial Frontera. Mojawapo ya majarida yao lilikuwa la kila wiki, Hora Cero Semanal, na katika toleo lake la kwanza, la tarehe 4 Septemba 1957, ndimo ilimoanzia El Eternauta. Mchoraji alikuwa Francisco Solano López, aliyezaliwa 1928.

Kwa muda wa miaka miwili, wiki baada ya wiki, wasomaji walipokea kurasa chache za wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, mpaka hadithi ikakamilika mwaka 1959 ikiwa imepita kurasa 300. Neno lenyewe "eternauta" ni la kuundwa, na maana yake ni msafiri wa umilele. Hivi leo nchini Ajentina tarehe 4 Septemba huadhimishwa kuwa siku ya hadithi za katuni, kwa kuikumbuka siku ile ya mwaka 1957.

USIKU WA THELUJI

Hadithi yaanza usiku wa baridi. Mtungaji wa katuni yuko nyumbani kwake akiandika, na ghafla kiti kilicho mbele yake kinalia, kama kwamba mtu amekikalia. Anatokea mtu ambaye macho yake yaonekana yamekwisha kuona kila kitu. Mtu huyo anaomba apumzike, kisha anasimulia yaliyomfika.

Jina lake ni Juan Salvo. Alikuwa na kiwanda kidogo cha kutengeneza transfoma, na nyumba katika Vicente López, mtaa ulio nje kidogo ya mji wa Buenos Aires, alimokaa na mkewe Elena na binti yao mdogo, Martita. Usiku mmoja wa mwaka 1963, mwaka ambao kwa wasomaji wa wakati ule ulikuwa bado haujaja, Juan na rafiki zake watatu wamekaa darini wakicheza karata. Favalli ni mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, Lucas ni karani wa benki, na Polsky ni mzee aliyestaafu anayejifurahisha kwa kutengeneza fidla. Redio yatangaza habari za majaribio ya bomu la nyuklia katika Bahari ya Pasifiki. Kisha taa zinazimika, na mji mzima unanyamaza.

Wanachungulia dirishani. Theluji inaanguka, nayo inang'aa gizani. Barabarani magari yamegongana, na watu wamelala chini walipoangukia. Kila aliyeguswa na chembe moja ya theluji ile amekufa papo hapo. Wao wamesalimika kwa sababu moja tu: usiku ulikuwa wa baridi, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Polsky anakumbuka kwamba ana mke na watoto nyumbani. Rafiki zake wanamzuia, anawaponyoka, anafungua mlango na kukimbia. Hafiki mbali.

Waliobaki wanaziba kila ufa wa nyumba. Favalli anafanya hesabu ya chakula na maji yaliyomo ndani. Kisha wanatengeneza vazi la kuvaliwa nje, la kitambaa kisichopenya maji, lenye barakoa ya mzamiaji na kichujio cha hewa, na Juan ndiye anayetoka wa kwanza. Picha ya mtu yule mmoja, ndani ya vazi lake la kuungaunga, akitembea katika theluji baina ya maiti, ni picha ambayo hapana Mwajentina asiyeijua.

Katika chumba cha chini cha duka la vifaa vya ujenzi Juan anamkuta mtoto mwanamume, Pablo, ambaye naye alisalimika kwa kuwa alikuwa amefungiwa. Anamchukua kwenda naye nyumbani. Lakini Favalli anawaonya wenzake kwamba kuanzia sasa wasiiogope theluji peke yake. Sheria imekufa, na mtu aliyesalia atamwua mwenziwe kwa ajili ya mkebe wa chakula au vazi kama lile. Basi wanakaa na bunduki madirishani, na kila mgeni ni adui.

Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Yagundulika kwamba theluji haikutokana na bomu, bali imeletwa na wavamizi kutoka nje ya dunia. Siku chache baadaye linapita kundi la askari waliosalia, wakikusanya kila awezaye kubeba silaha. Watu waliokuwa wakilengana bunduki wanakuwa safu moja. Humo wanamkuta Franco, kijana mfanyakazi wa kiwandani, fundi wa kukereza vyuma, ambaye hana cheo chochote lakini ndiye anayewaokoa wenzake mara kwa mara kwa akili yake nyepesi na moyo wake mkubwa. Wanapigana kwenye barabara kuu ya General Paz, wanapiga kambi katika uwanja wa mpira wa River Plate, na wanasonga mbele kuelekea katikati ya mji.

KWA NINI IMEPENDWA

Tukitafuta sababu ya hadithi hii kupendwa, ya kwanza ni hiyo mitaa. Hadi wakati ule, maafa ya dunia katika vitabu na sinema yalikuwa yakitokea New York au London. Msomaji wa Buenos Aires alizoea kwamba hata dunia ikiisha, itaishia kwa wengine. Oesterheld aliyaleta maafa kwenye kituo cha basi ambacho msomaji alishukia asubuhi ile, na kwenye uwanja aliokwenda kutazama mpira Jumapili. Mtoto aliyelisoma jarida lile akiwa amekaa kibarazani aliweza kuinua macho na kuziona nyumba zilizochorwa. Sisi ambao watoto wetu wanasoma vitabu vyote kuhusu miji ya wengine tunaweza kufahamu ni tunu gani hiyo, mtu kukuta mtaa wake umeandikwa.

Sababu ya pili ni watu wenyewe. Katika hadithi nzima hamna mtu arukaye angani wala mwenye nguvu za ajabu. Wamo fundi, karani, mwalimu, mama wa nyumbani na mtoto. Majina yao nayo yana habari: Favalli ni jina la Kitaliano, na Polsky lanukia Ulaya ya Mashariki. Buenos Aires ni mji uliojengwa na wahamiaji waliowasili kwa meli kutoka Italia, Uhispania, Poland, Ujerumani, Syria na Lebanon, na watoto wao wakawa watu wa pale. Wanaoutetea mji ule usiku wa theluji ni watoto wa wageni. Jambo hili halikutiwa kwa hotuba. Limo katika majina tu, na msomaji wa kule hulielewa bila ya kuambiwa.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Baadaye Oesterheld mwenyewe alieleza kwamba shujaa wa kweli wa hadithi yake si Juan Salvo bali ni kundi zima, na kwamba yeye haamini shujaa wa peke yake. Tazameni jinsi alivyolijenga jambo hilo. Polsky alitoka peke yake, kwa mapenzi ya haki kabisa ya watoto wake, na akafa. Vazi lililomwezesha Juan kutoka lilihitaji elimu ya Favalli na vifaa vya nyumba nzima. Franco anawahitaji askari, na askari wanamhitaji Franco. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

MIKONO NA HOFU

Ziko kurasa katika hadithi hii ambazo wasomaji wake huzikumbuka hata baada ya kuyasahau mapigano yote. Wavamizi wa kwanza kuonekana ni wadudu wakubwa mfano wa mbawakawa. Baadaye yagundulika kwamba kila mmoja amepachikwa chombo kisogoni, naye anaendeshwa kutoka mbali. Kisha wanaonekana watu wa mji huo huo, majirani, nao wamepachikwa chombo kile kile na wanapigana upande wa adui bila ya hiari yao. Anayeviendesha vyombo hivyo ni kiumbe aitwaye Mano, yaani Mkono, kwa sababu ana mikono yenye vidole vingi mno. Msomaji anadhani sasa amempata adui wa kweli.

Hapana. Mano naye ni mtumwa. Ni kiumbe mstaarabu, mpenda mambo mazuri, ambaye sayari yake ilitekwa zamani. Mabwana zake wamempandikiza mwilini tezi ya hofu: akiogopa tu, tezi humwaga sumu na kumwua. Hawezi kuasi, kwani kuasi ni kuogopa, na kuogopa ni kufa. Anapokufa mbele ya Juan na wenzake, hafi kwa chuki. Anakufa akiikumbuka nchi yake iliyopotea, na wale waliokuja kumwua wanajikuta wakimhurumia.

Mabwana wenyewe hawaonekani hata mara moja. Huitwa "Wao" tu. Hapana ukurasa unaoonyesha sura yao.

Tumelikalia jambo hili kwa sababu humo ndimo katuni hii inapozipita nyingi za namna yake. Katuni duni humfundisha mtoto kwamba adui ana sura mbaya, na kwamba dawa yake ni risasi. Hii yamfundisha kwamba dhulma ina ngazi, kwamba mkono unaopiga mara nyingi si wenye kuamrisha, na kwamba kamba iliyoifunga ngazi yote ni hofu. Sisi tuliofundishwa kwamba anayestahili kuogopwa kwa haki ni Mmoja tu, hatuna haja ya kuelezwa maana yake.

YALIYOMPATA MTUNGAJI

Habari ya kitabu hiki haikomi ndani ya kurasa zake. Mwaka 1969 Oesterheld aliitunga upya hadithi hiyo, safari hii na mchoraji Alberto Breccia, katika jarida la Gente. Katika maandishi mapya, mataifa makubwa yanafanya mapatano na wavamizi na kuwaachia Amerika ya Kusini ili yenyewe yasalimike. Wakubwa wa jarida hawakupendezwa. Waliwaomba wasomaji radhi na kuifupisha hadithi ili imalizike upesi.

Tarehe 24 Machi 1976 majenerali waliitwaa serikali ya Ajentina, nao walitawala hadi 1983. Watu walichukuliwa usiku majumbani mwao na hawakuonekana tena. Watetezi wa haki za binadamu nchini humo huwahesabu kuwa 30,000. Oesterheld na binti zake wanne walikuwa wamejiunga na Montoneros, kundi la upinzani lililobeba silaha. Aliandika sehemu ya pili ya El Eternauta akiwa mafichoni. Mnamo Aprili 1977 alikamatwa. Wafungwa walionusurika walitoa ushahidi kwamba walimwona hai katika gereza la siri karibu na mwisho wa mwaka ule. Baada ya hapo hapana habari. Binti zake wote wanne nao walichukuliwa katika mwaka 1976 na 1977, na baadhi yao walikuwa waja wazito. Ni maiti ya mmoja tu aliyerudishiwa mama yao. Solano López, mchoraji, aliondoka kwenda Uhispania na mwanawe ili kuyanusuru maisha ya kijana huyo.

Mkewe Oesterheld, Elsa Sánchez, alibaki na wajukuu wawili. Alijiunga na akina bibi wa Plaza de Mayo, wanaowatafuta wajukuu waliozaliwa magerezani na kupewa watu wengine, na ambao hadi sasa wamekwisha kuwatambua zaidi ya 130. Elsa alifariki mwaka 2015. Na uwanja ule wa River Plate, ambamo katika hadithi watu waliosalia walipiga kambi, ndio uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1978, ilhali mwendo mfupi kutoka hapo, katika shule ya jeshi la majini, watu walikuwa wakiteswa.

Msomaji wa Ajentina anapoifungua hadithi hii leo, hawezi kuyatenga hayo mawili. Anamsoma mtu aliyeandika juu ya familia inayopotezana, naye akaja kupoteza yake. Kwani huo ndio mwisho wa hadithi: Juan, Elena na Martita wanajaribu kukimbia kwa chombo cha adui, kinatatizika, na kila mmoja anatupwa katika zama zake. Juan anakuwa msafiri wa umilele, anayepita dunia na dunia akiwatafuta watu wake wawili. Anapomaliza kumsimulia mtungaji, anauliza ni mwaka gani, na anaambiwa ni 1959. Theluji bado haijaanguka! Anatoka mbio kwenda nyumbani kwake, ambako Elena na Martita wanamngoja, na pale pale anasahau kila kitu. Mtungaji amebaki peke yake na habari ya maafa yajayo, akijiuliza kama kuiandika kutatosha kuyazuia.

TUIFANYIE NINI NYUMBANI

Ndugu wasomaji, si wengi wetu waliowahi kuishi mahali pa kuanguka theluji ya sumu. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, tuliyaona mengine. Tuliona barabara zilizonyamaza na watu wenye barakoa. Misikiti ilifungwa katika nchi nyingi, na wako jamaa waliowazika wazee wao kwa watu wachache wa kuhesabika. Tuliona pia rafu za maduka zilivyomalizwa na waliowahi. Na katika siku hizo hizo, wako vijana waliobeba mifuko ya mchele na dawa na kuiacha mlangoni mwa mzee asiyejua hata jina lao. Mambo yote mawili aliyoyaandika Oesterheld, bunduki dirishani na mkono ulionyooshwa, tuliyashuhudia kwa sura ndogo.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mtoto akija na katuni ya dunia iliyoangamia, tusianze kwa kumnyang'anya. Tuketi tumwulize mambo matatu. Watu hawa waliosalia, wanasaidiana au wanaliana? Anayeitwa adui, nani amemtuma? Na wewe ungekuwa humo ndani, ungemfungulia nani mlango? Katuni isiyoweza kutoa jibu lolote kwa maswali hayo itajionyesha kuwa ni tupu, na mtoto mwenyewe ataigundua.

El Eternauta si kitabu cha mtoto mdogo. Ina maiti nyingi, ina vita, na huzuni yake ni nzito. Kwa kijana wa sekondari inafaa, na ingefaa zaidi mzazi akiisoma kwanza. Imetafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani mwaka 2015 na Fantagraphics, na maktaba yenu ikiwa haina yaweza kuombwa iiagize. Mwaka 2025 ilionyeshwa katika televisheni ya Netflix kwa sehemu sita, Ricardo Darín akiigiza Juan Salvo katika Buenos Aires ya siku hizi. Sisi twapendelea kitabu, kwa kuwa kinamruhusu msomaji kusimama na kufikiri.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama, na mmoja wetu ana mche mkononi, basi aupande ikiwa ataweza. Mtungaji wa Buenos Aires hakuwa wa dini yetu, na mengi aliyoyachagua katika maisha yake si yetu kuyafuata. Hata hivyo swali alilotuachia ni zuri kuulizana katika majengo haya tunayokaa, ambamo mtu huweza kuishi mwaka mzima bila ya kumjua anayelala nyuma ya ukuta. Tusingoje theluji ndipo tujue nani anakaa mlango wa pili.